Mbwa kula majani si ugonjwa; angalia kilichopuliziwa

Mbwa akionekana anatafuna ukoka, jirani mmoja atasema ana minyoo, mwingine atasema tumbo limemchafuka. Mara nyingi wote wanabahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwahoji wafugaji zaidi ya 1,500, na matokeo yakatoka mwaka 2008: mbwa walioonekana wagonjwa kabla ya kula majani hawakufika 1 kati ya 10, na waliotapika baada ya kula walikuwa kama 1 kati ya 5. Wanaona ni tabia ya kurithi tu, tangu enzi za porini, nyuzi za majani zilipokuwa zikisaidia kusukuma minyoo nje. Paka naye yumo humo humo. Ukitaka kujua kama kuna minyoo, inua mkia: vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye manyoya ni tegu.

Kwa Mtwara na Lindi mimi naogopa zaidi msimu wa kupulizia mikorosho, kuanzia Juni hivi. Salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hutua kwenye nyasi chini ya mti. Ikiliwa huwasha tumbo na kuharisha. Kibaya zaidi ni viuatilifu vya maji vya kuulia mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa malaria. Vingi vina pairethroidi, kemikali ya kuua wadudu ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri, na paka hata asipokula jani atalamba miguu yake. Akianza kutokwa mate na kutetemeka, mwoshe kwa maji na sabuni ya vyombo, umkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Maziwa na mafuta ya kula, tiba pendwa ya mtaani, acheni: mafuta yakiingia mapafuni yanaua yenyewe. Uzio wa mbono nao una mbegu zenye sumu, fagia zinazodondoka.

Jani likining'inia mkunduni, usilivute, likate kwa mkasi. Paka anayepiga chafya mfululizo baada ya kula nyasi huenda ana jani lililopanda nyuma ya pua. Hilo hutolewa na daktari, paka akiwa amelazwa usingizi kwa dawa.

Paka wa ndani muoteshee mpunga: loweka mbegu usiku mmoja, mwaga kwenye kopo lililotobolewa chini, mpe majani yakifika urefu wa kidole. Mtama usioteshe, machipukizi yake yana sianidi.