Dan Campbell hakukosea

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 29 Januari 2024, sikulala. Mechi ilianza saa nane na nusu kwa saa zetu hapa Dar es Salaam, na kufikia mapumziko Detroit Lions walikuwa wanaongoza 24 kwa 7 ugenini kwa San Francisco 49ers. Zilibaki dakika 30 tu waingie Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani ambayo timu hiyo haijawahi kuicheza tangu ianzishwe. Kulipokucha walikuwa wamefungwa 34 kwa 31.

Tangu siku hiyo, ukiutaja msimu wa 2023 wa Lions utajibiwa neno lile lile: kocha ndiye aliyewaponza, angepiga mateke achukue pointi zake. Nimelisikia mpaka limenichosha. Kocha huyo, Dan Campbell, hakukosea, na nisingeusifu msimu huo kama angefanya wanavyotaka.

Kwa asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani: timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likifika la nne na yadi hazijatimia, kawaida timu huupiga mpira mbali imwachie mpinzani, au ikiwa imekaribia goli hupiga teke lipite katikati ya milingoti ijipatie pointi tatu. Ukiamua kulicheza jaribio la nne ukashindwa, mpinzani anauchukua mpira pale pale uliposimama. Campbell ni kocha wa kulicheza. Katika kipindi cha pili kuna mara mbili alilicheza na hakupata kitu. Ya kwanza Lions wanaongoza 24 kwa 10 na wanahitaji yadi 2: pasi ya Jared Goff, kwotabeki wao (mchezaji anayerusha pasi), ikamfikia Josh Reynolds mikononi, ikadondoka. Ya pili wako nyuma 27 kwa 24, wanahitaji yadi 3, zimebaki dakika saba na ushee. Pasi ikapotea.

Wanaolaumu husema kana kwamba zile pointi sita zilikuwa mezani zikisubiri kuokotwa. Teke la kwanza lingekuwa la yadi 46, la pili yadi 48. Hizo si penalti. Halafu mbona hakuna anayetaja yaliyotokea katikati? Baada ya Reynolds kuudondosha, 49ers walirusha mpira mrefu, ukamgonga beki wa Lions kwenye kofia ya chuma, ukaruka juu, na Brandon Aiyuk akajitupa akaudaka. Yadi 51. Lions walipoupata tena, mchezo wa kwanza kabisa, Jahmyr Gibbs akaupoteza. Pointi 27 mfululizo walifungwa, na nyingi zilitokana na mambo ambayo kocha yeyote angeyatazama tu akiwa amesimama pembeni.

Wala si kweli kwamba mtu huyu hayapendi mateke. Sekunde za mwisho kabla ya mapumziko, mechi ile ile, alikuwa yadi 3 tu kutoka mstari wa goli na akachagua pointi tatu.

Turudi mwanzo wa msimu, tarehe 7 Septemba 2023, kwa Kansas City Chiefs, mabingwa watetezi. Kipindi cha kwanza, jaribio la nne, Lions wako yadi 17 kutoka goli lao wenyewe. Kila mtu uwanjani anangojea mpira upigwe mbali. Haukupigwa, wakaukimbiza, wakapata yadi walizotaka, na safari hiyo ikaishia golini. Walishinda 21 kwa 20, dhidi ya timu iliyokuja kuchukua ubingwa tena msimu huo huo. Novemba, ugenini kwa Los Angeles Chargers, mambo ni 38 kwa 38, zimebaki chini ya dakika mbili, teke la ushindi liko ndani ya uwezo. Campbell akalicheza jaribio la nne ili mpinzani asirudishiwe mpira. Sam LaPorta akadaka, muda ukaliwa, na teke la mwisho likawapa ushindi wa 41 kwa 38. Siku hizo aliitwa jasiri.

Na waliocheza hivyo ni Lions! Timu iliyochukua ubingwa mara ya mwisho mwaka 1957, na tangu hapo ilikuwa imeshinda mechi moja tu ya mtoano. Mwaka 2008 ilicheza mechi 16 ikafungwa zote 16. Campbell mwenyewe mwaka wake wa kwanza, 2021, alishinda tatu. Timu iliyozoea kufungwa hivyo huifundishi kushinda kwa kuiambia kila yadi mbili kwamba huiamini.

Mechi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya 14 Januari 2024, Ford Field, uwanja wa nyumbani wa Lions, dhidi ya Los Angeles Rams. Rams walikuwa wamemtoa Goff mwaka 2021, wakampeleka Detroit pamoja na nafasi zao za kuchagua wachezaji chipukizi, ili wampate Matthew Stafford, kwotabeki aliyeitumikia Detroit miaka 12. Stafford akapata ubingwa nao msimu wake wa kwanza. Goff alionekana kama chenji. Usiku ule wawili hao walikutana, Lions wakashinda 24 kwa 23, na uwanja mzima ukaimba jina la Goff. Watu wazima walikuwa wanalia majukwaani. Miaka 32 walikuwa wameisubiri.

Kosa la Campbell kule San Francisco lipo, ila si hilo mnalolisema. Dakika ya mwisho, nyuma kwa pointi 10, mpira uko yadi moja kutoka mstari, aliita mchezo wa kukimbia, ukazuiwa, akalazimika kutumia nafasi ya kusimamisha saa aliyoihitaji mno. Walifunga, lakini njia iliyobaki ya kuurudisha mpira ilikuwa teke fupi la kubahatisha, nalo likashindwa. Hilo nalikubali.

Kuhusu majaribio ya nne alisema hayajutii. Alisema pia amewaambia wachezaji kwamba huenda hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yao ya pekee, ingawa yeye haamini hivyo, kwa sababu anajua ilivyo vigumu kufika pale. Msimu uliofuata walishinda mechi 15 kati ya 17, wakatolewa nyumbani na Washington, 45 kwa 31, katika mechi yao ya kwanza ya mtoano.