Usikubali Kufomati Diski Kabla ya Kuinakili

Ujumbe wa Windows ninaouchukia kuliko wote ni ule unaomtaka mtu aifomati diski, yaani aiandae upya kana kwamba ni tupu, ndipo aweze kuitumia. Umeandikwa kana kwamba ni ushauri, ilhali kwa mtu aliyehifadhi humo picha za miaka kumi, kuukubali ni kuanza kuzipoteza. Maana yake halisi ni kwamba kompyuta imeshindwa kuutambua mfumo wa faili, yaani orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi. Mafaili yenyewe mara nyingi bado yapo.

Mwaka jana ujumbe huo ulitokea kwenye diski ya nje ya dada yangu, iliyokuwa na sauti za marehemu bibi yetu akisimulia ngano. Kwanza nilibadilisha waya na tundu, kwa sababu diski hizi ndogo za inchi 2.5 hutegemea umeme wa USB peke yake, na tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500 tu, wakati lile la 3.0 lina 900. Haikusaidia. Kisha nikaisikiliza. Diski inayogonga tik-tik inapaswa kuzimwa papo hapo na kupelekwa kwa wenye maabara, kwani vichwa vyake vya kusomea huenda vinazikwaruza sahani zenye data. Hii ilizunguka kwa utulivu, ila ilisoma kwa kusuasua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi, ambao huanza kwa kuendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Programu hiyo iliundwa kuurudisha mfumo wa faili katika mpangilio, na ili kufanikisha hilo iko tayari kuvikata vipande vya mafaili na kuviweka kwenye folda ya FOUND.000 vikiwa havina majina. Kuifanyia hivyo diski inayoumwa, tena isiyo na nakala, ni kucheza na mali ya mtu.

Mimi nilinunua diski nyingine yenye ukubwa uleule, gharama ambayo wengi huikwepa, nikatumia programu ya kunakili diski mbovu iitwayo ddrescue, kwenye Linux, mfumo wa kompyuta ulio mbadala wa Windows. Programu hiyo hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika kwenye faili la kumbukumbu zile zilizogoma, kisha huzirudia, hivyo hata umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoishia. Ilichukua siku mbili. Baada ya hapo diski ya zamani niliiweka kando, na majaribio yote nikayafanya kwenye nakala.

TestDisk, programu inayojaribu kuirekebisha ile orodha ya mafaili, ilirudisha folda nyingi. Folda ya bibi haikuwamo, ikabidi nitumie PhotoRec, ambayo haitegemei orodha ile bali hulitambua faili kwa alama za mwanzo wake. Ndiyo maana majina hupotea, na kila sauti ikatoka ikiwa na herufi f na namba ndefu. Programu zote tatu nilizotumia ni za bure. Jioni ile dada yangu alikaa akizisikiliza moja baada ya nyingine, akiandika upya jina la kila ngano.