Msumeno wa kwanza wa nyumbani: kabla ya kuuliza nguvu ya mota, tazama nyuma ya bledi

Ukikaa saa moja Ndeeba, soko la mbao hapa Kampala, ukisubiri mbao zako zipakiwe, utausikia ubishi huu. Mtu ana chumba nyuma ya nyumba, amechoka kupasua kwa mkono, ana akiba kidogo, na anauliza anunue msumeno gani wa meza, ule ambao bledi ya mviringo huchomoza juu ya meza. Mafundi hugawanyika hapohapo. Wengi humwambia aende Katwe, mtaa wa mafundi vyuma, achomelewe fremu ya vyuma vya pembe, afungiwe mota, puli na shafti, kisha aanze kazi. Wachache humwambia avumilie, aongeze akiba, atafute msumeno wa kabati, ile mashine nzito ambayo mota na mitambo ya kuinua na kulaza bledi vimo ndani ya kabati la chuma, na meza yake ni chuma cha kusubu. Wachache hao huchekwa. Huambiwa hiyo ni mashine ya maonyesho, ya wazungu waliostaafu wanaotengeneza visanduku vya mapambo.

Mimi niko na wachache, na naona wamekuwa wakishindwa ubishi huu kwa kosa lao wenyewe. Wao husifia uzito, utulivu wa mashine, ulaini wa mkato. Yote ni kweli, ila hayamgusi mtu anayehesabu ada za shule. Hoja yenye nguvu imo kwenye kipande cha bamba kisichofika milimita tatu unene, na hicho hawakitaji.

Kwanza Katwe ipewe haki yake. Mashine ya Katwe inatengenezeka na yeyote. Beringi ikifa unapanda boda, unarudi na nyingine, na kabla ya chakula cha mchana bledi inazunguka tena. Shafti ikipinda, wenye kukereza vyuma wako mtaa wa pili. Msumeno wa kabati ukipasuka kipande cha chuma cha kusubu ndani, hakichomeleki kirahisi, na kipuri kinaweza kukulaza miezi. Kuna gharama za meli hadi Mombasa, za lori kupitia mpaka wa Malaba, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Kuna uzito pia: mashine nyingi za aina hii zinapita kilo 200, na anayepanga nyumba anajua mwenye nyumba anaweza kubadili mawazo mwaka wowote. Naongeza hoja ambayo hata wapenzi wa Katwe huisahau, kwamba pale pale Ndeeba wapo watakaokupasulia mbao kwa malipo madogo. Anayetengeneza meza mbili na kitanda kimoja kwa mwaka hahitaji msumeno wa meza wa aina yoyote, na huyo simshauri atoe hata shilingi.

Nazungumza na anayepasua kila wiki.

Nyuma ya bledi ya msumeno wa kabati uliokamilika husimama bamba jembamba lililopinda kufuata mviringo wa bledi, kama mwezi mchanga. Mimi hukiita kisu cha nyuma. Hakikati kitu. Kazi yake ni kukaa katikati ya ubao uliokwisha kupasuliwa ili pande mbili zisikutane tena na kuibana bledi. Kinapanda na kushuka pamoja na bledi, na bledi ikilazwa nacho kinalala, kwa hiyo muda wote kiko milimita chache tu kutoka kwenye meno.

Umuhimu wake unatokana na mwendo wa bledi yenyewe. Meno ya mbele hushuka na kuukandamiza ubao mezani. Meno ya nyuma hupanda yakija juu na kuelekea kwako. Ubao ukiyabana, au ukiyagusa kwa sababu fensi, ile kingo inayouongoza ubao, haiko sambamba na bledi, hunyanyuliwa na kurushwa. Bledi ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hukimbiza ncha za meno yake mita 53 kwa sekunde, karibu kilomita 190 kwa saa. Hata mashine ya Katwe yenye bledi ya milimita 300 ikienda mizunguko 2,850 inafika kilomita 160 kwa saa. Hakuna mtu anayeuona ubao huo ukija. Na ubaya wake hauishii tumboni unapokupiga. Mkono uliokuwa unausukuma ghafla hauna cha kusukuma, unaendelea na safari yake, na mbele yake ipo bledi. Wengi waliopoteza vidole hawakuwa wazembe wa kuweka mkono penye meno. Ubao ndio uliowaondokea chini ya mkono.

Karakana moja ya Bwaise ninayoifahamu ina bati limepigiliwa ukutani, upande ule anaosimama fundi, nyuma ya mgongo wake. Nilidhani ni la kuzuia mvua. Nilipolikaribia nikaona vishimo, vingine vya pembe tatu, umbo halisi la kona ya ubao wa mbili kwa nne. Kimoja kilikuwa kimetoboka, na ncha za bati zimeelekea ukutani. Nikahesabu kumi na moja. Kila kimoja kilipita kando ya mtu.

Hapa ndipo ile kauli ya "mambo ya wazungu" inapokuwa kichwa chini miguu juu. Kwa anayepasua mbao zilizokaushwa kwenye tanuri hadi zikatulia, ubao kujifunga ni jambo la nadra. Sisi tunapasua nini? Kalitunsi, yaani mkaratusi, mti unaokua mbio na kujaza mvutano ndani ya gogo lake. Upande wa nje wa gogo huvutika, wa kati hubanwa, na siku unapoupasua ule mvutano unafunguka mbele ya macho yako, vipande vikaachana au vikakumbatiana. Tunapasua paini iliyotoka shambani juzi, bado mbichi, ukiishika mkono unalowa. Hata mvule na musizi tunanunua mbichi kwa sababu za bei na haraka. Mbao za aina hii ndizo zinazobana bledi. Kama kuna mahali duniani kisu cha nyuma kinastahili kuwa jambo la kwanza kuulizwa, ni hapa kwetu, na ni hapa kwetu ambapo mashine zinatengenezwa bila hicho.

Wala si uvumbuzi mpya. Uingereza ilikilazimisha kwenye kanuni za mashine za mbao za mwaka 1922. Ndiyo sababu mashine za zamani za kampuni ya Wadkin kutoka Leicester huwa nacho, wakati Unisaw, mashine ya kabati ya kampuni ya Delta iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1939, iliuzwa kwa takriban miaka 70 bila kisu kinachopanda na kushuka pamoja na bledi. Kwa mashine za zamani, umri peke yake hauna neno. Nchi ilikotoka ndiyo yenye neno.

Nitaulizwa kuhusu SawStop, mashine iliyoingia sokoni mwaka 2004, ambayo bledi yake husimama ndani ya milisekunde tano ikigusa kidole. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini inautambua mwili kwa jinsi unavyopitisha umeme, na ubao uliolowa sana unaweza kuidanganya. Ikidanganyika, kibweta cha breki kimekwisha na bledi mara nyingi imeharibika. Kwa mbao zilizolowa hivyo itabidi uzime ule ulinzi, yaani uzime kile ulichokilipia. Kisu cha nyuma hakijali unyevu.

Kuna jambo la pili ambalo mashine ya kabati huja nalo na Katwe haiweki, nalo ni swichi. Swichi nzuri ya mashine hushikiliwa na sumaku inayotegemea umeme. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, na umeme ukirudi mashine inabaki kimya hadi mtu abonyeze. Mashine nyingi za mtaani zina swichi ya kawaida tu. Nimemwona kijana akiinama kutoa vipande karibu na bledi wakati mtaa mzima hauna umeme, amesahau kuzima, kila mtu amesahau. Umeme ukarudi. Alivuta mkono na mkono wa shati ukabaki mezani. Mji ambao umeme hukatika bila taarifa hauwezi kuichukulia swichi hii kama anasa, hasa kwa anayefanya kazi peke yake nyuma ya nyumba yake. Itabidi ajilinde.

Msumeno mdogo wa kubebeka? Mpya wa kampuni inayoheshimika utakuwa na kisu cha nyuma, nakubali, na kwa plaiwudi iliyokatwa vipande au mbao fupi unatosha. Shida huja na ubao wa mvule wa futi 12. Mashine ya kilo 30 yenye meza fupi inanyanyuka, ubao unainama, unaubonyeza ili usianguke, na kuubonyeza huko ndiko kunakoupeleka pembeni kwenye meno ya nyuma. Uzito ule unaochekwa unarudi hapa kama usalama.

Ukiamua kutafuta mashine ya kabati iliyotumika, soma kibati cha mota kabla ya kugusa kitu kingine. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Mota ya Marekani iliyoandikwa hezi 60 itazunguka hapa kwa sehemu tano za sita za mwendo wake, na itapata joto. Za Uingereza hazina tatizo hilo, ila nyingi za zamani ni za fezi tatu. Nyumba nyingi zenye Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, zina fezi moja. Kama kibati kinasema 230/400, fundi wa mota anaweza kuibadili miunganisho na kuiendesha kwa inverta, kifaa kinachotoa fezi tatu kutoka fezi moja. Kama kinasema 400 au 415 peke yake, fanya hesabu ya mota nyingine kabla ya kutaja bei. Mota ya hp 3, kilowati 2.2, huvuta karibu ampea 13 ikibeba mzigo wote, na inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo. Iwekee waya wake kutoka kwenye boksi, usiichomeke kwenye soketi ya pasi.

Kisha simamisha sarafu ya shilingi 500 kwa ukingo juu ya meza na uwashe. Ikibaki imesimama, beringi, puli na mkanda viko sawa. Weka alama kwenye jino moja, lipime umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza likiwa mbele, lizungushe hadi nyuma, pima tena. Tofauti ikionekana kwa macho na hakuna nati ya kuirekebisha, ondoka. Na uliza kisu kiko wapi. Mara nyingi kimepotea, muuzaji anasema hakina kazi.

Hapo ndipo narudi Katwe, na kwa heshima. Kisu kinatengenezeka. Kama bledi inachonga njia ya milimita 3.2 na mwili wake ni milimita 2.2, bamba la milimita 2.5 la chuma kigumu linakaa katikati ya vipimo hivyo viwili, umbali wa milimita tatu hadi nane kutoka kwenye meno. Kwa mashine ya Katwe kazi ni rahisi hata zaidi, maana shafti yake kwa kawaida haipandi wala kulala, na kisu kinaweza kufungwa kwa bolti mbili kwenye fremu kikatulia hapo miaka yote. Asiyeweza kufika kwenye kabati mwaka huu aagize hivyo, na swichi ya sumaku pamoja. Mwaka jana nilimpeleka jirani yangu kuagiza yake. Mchomeleaji aliligeuza lile bamba mkononi, akauliza linakata nini. Nikamwambia halikati. Akaniangalia, akachukua kipande cha kalitunsi kilichokuwa kimeegemea ukuta, akakipasua nusu kwenye mashine aliyokuwa ameimaliza ya mteja mwingine, akazima, tukatazama ule mwanya ukijifunga polepole juu ya bledi iliyosimama. Akatafuta bolti mbili.