Mhimili uanzie sufuri? Inategemea unachora nini

Kanuni inayorudiwa sana kuhusu grafu ni kwamba mhimili wa wima lazima uanzie sufuri. Wanaoishikilia wana hoja nzito. Tuseme diko moja (mahali pa kushushia samaki) la Malindi, pwani ya Kenya, limepokea kilo 950 za samaki mwezi mmoja, na 1,000 mwezi uliofuata. Mhimili ukianzia 900, pau ya pili inatoka ndefu maradufu ya ile ya kwanza, ilhali samaki wameongezeka kwa asilimia 5 na kidogo tu. Jicho hupima urefu wa pau kabla halijafika kwenye tarakimu za pembeni. Aghalabu mchoraji hata hakukusudia: Excel hukata mhimili yenyewe tofauti inapokuwa ndogo. Bofya mhimili mara mbili, andika 0 kwenye kiwango cha chini, yamekwisha.

Kanuni hiyohiyo ikipelekwa kwenye joto la bahari, inaficha. Joto la maji ya huku pwani hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 30 hivi. Nyuzi moja au mbili juu ya kilele cha kawaida, zikidumu majuma kadhaa, zinatosha kupausha matumbawe, yaani kuyapotezea rangi, kama yalivyopauka mwaka 1998 katika hifadhi ya bahari ya Malindi. Ukianzia sufuri, ongezeko hilo halionekani. Na sufuri ya Selsiasi yenyewe haina maana ya "hakuna joto". Tena joto huchorwa kwa mstari, na mstari husomwa kwa mwinuko wake, si kwa urefu kama pau. Anzia 24, kisha pitisha mstari wa nukta kwenye kilele cha kawaida.

Wapinzani husema mhimili uliokatwa hutia watu hofu bure. Ni kweli, ukiubana kati ya 27.0 na 27.4 hata mabadiliko ya siku moja yatainuka kama mlima. Ndiyo maana mipaka itolewe kwenye joto la miaka mingi, isitokane na wiki unayoichora.

Kwa takwimu za uvuvi, lakini, ubishi huu wa sufuri naona umefunika kosa kubwa zaidi, la mhimili wa mlalo. Grafu ya Januari hadi Desemba huikata kaskazi, msimu wa pepo za kaskazini-mashariki, vipande viwili, kimoja kila ncha ya grafu. Anza Aprili: kusi, msimu wa pepo za kusini, itakaa pamoja, na kaskazi nayo itakaa nzima, Novemba hadi Machi. Tena wakati wa kusi vyombo vingi havitoki, kwa hiyo kilo za mwezi zikishuka hazithibitishi kwamba samaki wamepungua baharini. Gawanya kilo kwa idadi ya safari, uchore grafu ya pili chini ya ile ya kwanza, miezi ikilingana. Usizirundike mbili katika grafu moja yenye mihimili miwili ya wima. Hapo mchoraji anaweza kuikutanisha mistari popote apendapo.