Sindano ya testosteroni: mgonjwa anachekwa, kijana wa jimu anasifiwa

Ukikaa baraza la kahawa pale Ngamiani, Tanga, ukataja tu sindano ya testosteroni, ni kicheko, utaambiwa kanywe supu ya pweza yaishe. Siwalaumu, matangazo ya nguvu za kiume yamebandikwa kwenye nguzo za umeme mpaka kila kinachohusu homoni ya kiume kinaonekana utapeli au ushamba wa watu wa jimu. Ila hapohapo barazani anaweza kuwepo anayeumia kimyakimya.

Kuna aliyeugua matubwitubwi ukubwani yakashukia kwenye korodani, kuna mwenye uvimbe kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, kuna aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada, hao ni kama 1 kwa kila wanaume 600 na wengi wanaishi hawajui. Mwili hautengenezi homoni ya kutosha, ndevu hazikui, mifupa inadhoofu, hamu ya tendo inakufa, mtu kachoka tu. Kumpa testosteroni huyu ni kumrudishia alichokosa, sawa na mwenye kisukari na insulini yake, na sijaona mtu wa insulini akichekwa.

Tena daktari makini hakurupuki. Anataka dalili kwanza, halafu damu ipimwe asubuhi hujala kitu, siku mbili tofauti, maana homoni hii inapanda asubuhi inashuka jioni na ukienda na malaria yako itasoma chini tu. Ukianza dawa anaangalia damu isiwe nzito, hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikipita asilimia 54 anasimamisha. Kuhusu moyo, utafiti mkubwa wa 2023 wa wanaume zaidi ya 5,000 ambao moyo wao tayari ulikuwa kwenye hatari ulikuta mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikuzidi kwa waliopewa, ingawa moyo kudunda ovyo na damu kuganda kwenye mapafu viliongezeka kidogo, kwa hiyo sio maji ya kunywa.

Wanaosema ni fasheni nao wana lao. Uchovu mwingi ni usingizi mbovu na kitambi, na jogoo kutowika mara nyingi ni sukari, presha na mishipa ya damu, homoni haihusiki.

Lakini kinachoninyima raha mimi ni mbegu. Ukiingiza testosteroni ya nje ubongo unaona ipo tele, unaacha kuzituma korodani kazini, zinasinyaa na mbegu zinakatika. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuijaribu kama uzazi wa mpango wa kiume kabisa, matokeo yakatoka 1990, wanaume 271 wakichomwa miligramu 200 kila wiki, na 157 mbegu zikaisha kabisa. Sasa kijana wa jimu anachoma hiyo au zaidi ili awe dume, kumbe yuko kwenye uzazi wa mpango na hajui, mwakani mkewe ndo anapelekwa kwa mganga eti hashiki mimba! Akiacha huwa zinarudi kwa wengi, ila ni miezi, wengine mwaka na zaidi.

Ndo maana daktari anaanza kwa kukuuliza kama bado unataka mtoto, ukisema ndio zipo dawa nyingine za kuziamsha korodani zifanye kazi zenyewe. Muuza vichupa mlangoni mwa jimu yeye anauliza unataka vingapi.