Kengele ililia nyumba gani?

Bibi yangu akisimulia hadithi alikuwa na maneno mawili tu ya kutuhamisha: "Huku nyuma..." Sungura kanasa mtegoni, anahangaika. Bibi anatulia kidogo, anajifunga khanga upya. "Huku nyuma, Simba kaamka ana njaa." Tunasogeleana.

Mhariri wa filamu hana mdomo wa kusema "huku nyuma". Anakata tu: shoti ya huku, shoti ya kule, tena huku. Maneno ya bibi tunayajaza wenyewe watazamaji, na hapo ndipo anapotupata.

Hata sinema yenyewe ilichukua muda kuizoea lugha hiyo. Mwaka 1903 Edwin S. Porter alitoa Life of an American Fireman, ambamo mama na mtoto wanaokolewa kwenye nyumba inayoungua. Tunauona uokoaji wote tukiwa chumbani, kisha unaanza upya, wote, tukiwa nje. Mama yuleyule anaokolewa mara mbili! Leo kijana mwenye laptopu angekata ndani, nje, ndani, nje, bila kuwaza.

Lakini hapo kwenye "bila kuwaza" ndipo penye ugomvi wangu. Ukinikatia huku na kule, umeniahidi kitu: hawa wawili watagongana, au linalompata huyu litamgharimu yule. Nakaa nikiidai ahadi hiyo. Ndiyo maana mhariri ninayemheshimu kuliko wote ni yule aliyenidanganya nayo.

Filamu ni The Silence of the Lambs ya 1991, mwongozaji Jonathan Demme, mhariri Craig McKay. (Kama bado hujaiona, ruka aya hii, ingawa muda umekuwa nao.) FBI wamezingira nyumba huko Calumet City, Illinois. Mmoja wao anajifanya kaleta maua, anabonyeza kengele. Kata: chini ya nyumba, muuaji anasikia kengele. Kata: askari nje, bunduki tayari. Kata: muuaji anapanda kwenda kufungua. Niliiona kwenye kibanda umiza, jenereta likinguruma nyuma ya turubai, na watu walishaanza kushangilia, "Kwisha habari yako!" Mlango unafunguliwa. Pale nje kasimama Clarice, mpelelezi mwanafunzi wa FBI, peke yake, Belvedere, Ohio. Wenzake wamevamia nyumba tupu, jimbo jingine kabisa. Kibanda kizima kikanyamaza, likabaki jenereta.

Nimeirudia sini hiyo mara nyingi kutafuta shoti iliyosema uongo. Haipo. Kengele ililia kweli, mara mbili, kwenye nyumba mbili. Aliyeziunganisha ni mimi.

Si lazima wa huku na wa kule wakutane, nakubali. Katika The Godfather (1972) Michael, bosi wa mafia, yuko kanisani kwenye ubatizo, anaulizwa kama anamkataa Shetani, anajibu anamkataa, huku watu wake wanaua mahasimu wake mmoja baada ya mwingine. Sauti ya padri haibaki kanisani, inawafuata wauaji hadi kwenye risasi. Hapo kinachogongana ni kiapo na damu, na ahadi yangu imelipwa.

Sasa njoo kwenye tamthilia moja ya hapa nyumbani, jina nalihifadhi. Dada anachemsha chai. Kata: kaka yuko kwenye bajaji. Chai. Bajaji. Muziki unapanda. Sufuria inatokota, kwa karibu kabisa. Gurudumu la bajaji, kwa karibu kabisa. Nikaacha kula, nikasema leo kuna mtu anakufa: ama gesi inalipuka, ama bajaji inaingia chini ya lori. Mke wangu naye akasogea.

Bajaji ikafika. Kaka akalipa nauli, akapiga hodi, wakanywa chai.