Ni Ile Ile, Bosi

Leo asubuhi kwenye foleni ya Tabata gari langu limetimiza kilomita laki moja. Nilikuwa naisubiri tangu juzi. Nikamwambia mwanangu, ninayempeleka shule, aache kwanza muhogo wake aangalie: zile tisa tano zikajikunja polepole, kama wazee wanaoinuka mkekani baada ya hitima, ikasimama moja na sifuri zake tano. Mtoto akapiga makofi. Sijamaliza hata kutabasamu, pembeni ikawaka taa ya rangi ya chungwa: T-BELT.

"Baba, gari linasema nini?"

Linasema mkanda wa taimingi umefika mwisho, mwanangu. Mkanda nilioubadilisha mwaka jana kwa hela ya ada yako.

Sasa ndugu zangu, mimi ni mtu mzima. Ni mweka hazina wa kamati ya mazishi ya mtaa, michango ya watu imepita mikononi mwangu na hakuna aliyewahi kunidai chenji. Si mtu wa kubishana na taa. Lakini taa hii haina haki ya kuwaka kwangu. Hii ni taa ya Toyota za dizeli. Hizo ndizo zikifika laki moja inawaka ili ukabadilishe mkanda. Corolla yangu ni ya petroli, injini 5A, na dizeli haijui zaidi ya ule moshi inaopuliziwa na malori ya mchanga. Halafu hiyo laki moja yenyewe si yake. Ilishapita laki mbili na tisini kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi. Ni namba A, usajili wa zamani, jamani. Namba A ya kilomita laki moja mmeiona wapi?

Yote haya kayaleta dashibodi.

Jua letu mnalijua. Yangu ilianza na ufa mmoja mwembamba juu ya tundu la AC (hiyo AC tusiizungumzie). Ukaja wa pili kuusalimia wa kwanza. Baada ya mwaka dashibodi nzima imepasuka kama mbuga za Dodoma mwezi wa kumi, na kila nikipita kwenye rasta sponji ya njano inamwagika magotini. Nikaifunika kwa manyoya. Shemeji yangu, mwenye namba E na asiyependa mtu yeyote asijue, akapanda siku moja, akayapapasa yale manyoya, akauliza, "Huyu anakula nini?"

Kesho yake nikaenda Ilala, mtaa wa Shaurimoyo. Aliyeupa mtaa ule jina aliona mbali, maana ukishaingia pale na hela mfukoni, yote yanayofuata ni shauri la moyo wako. Kijana alinidaka kabla sijatoa mguu wa pili kwenye bajaji. "Bosi, tunatafuta nini bosi?" Dashibodi ya Corolla 110. Akazama ndani gizani, akatoka ameikumbatia nzima na spidomita yake na redio yake, kama anayetoa mgonjwa wodini. Nyeusi, inang'aa, haina ufa hata wa dawa.

"Gari langu ni la tisini na sita," nikamwambia.

"Hii ya tisini na nane, bosi. Ni ile ile."

Hapa niseme kitu nilichokuja kukisoma baadaye, wakati kusoma kulikuwa hakusaidii tena. Corolla 110 ilitoka Japani mwaka 1995 ikaenda mpaka 2000, lakini mwaka 1997 wenyewe waliigusagusa uso. Halafu 110 zenyewe si moja. Kwenye chasisi kuna AE110 ya petroli, kuna EE111 yenye injini ndogo, kuna CE110 ya dizeli. Ile herufi ya mwanzo ndiyo inayotaja ukoo wa injini. Mtaani zote ni 110. Ukizipanga nje ni mapacha, ukifungua ndani unakuta kila pacha ana baba yake.

Bei ilianza laki tatu na nusu, hapo naitwa bosi. Kwenye laki tatu nikawa mkuu. Laki mbili na nusu, kaka. Nilipotaja laki mbili nikawa mzee. Si mzee wangu, mzee tu. Tukapatana laki mbili na ishirini nikiwa sina cheo chochote. Nikauliza ikikataa je? "Haiwezi kukataa. Ni ile ile." Risiti chini imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, kwa herufi kubwa kuliko jina la duka.

Nikairudisha kwa bajaji, nimeipakata, spidomita inanitazama usoni. Kwenye matuta mshale unarukaruka. Dereva akanigeukia: "Mzee, tunaenda ngapi?"

Basi, fundi. Fundi wangu yuko chini ya mwembe, na ana sifa moja kubwa: tangu azaliwe hajawahi kusema hajui. Akaitazama dashibodi, akalitazama gari, akaitazama tena dashibodi. "Ni ile ile. Masaa mawili tu unaondoka." Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Nikamwagiza mama watoto asiniwekee chakula, nitawahi.

Kama hujawahi kuona gari likitolewa dashibodi, usione. Ilitoka betri, ukatoka usukani, zikaanza skrubu. Kuna skrubu chini ya kifuniko, na kifuniko chini ya kifuniko kingine, na boliti za spana namba kumi, ndefu, fupi, nene, zote zinaishia kwenye kopo moja la Blue Band. Nikauliza, fundi, utazijuaje? "Zenyewe zinajijua." Dashibodi ikagoma kutoka. Kumbe kuna boliti moja pembeni karibu na mlango kaisahau. Hakuitafuta, aliweka mguu kwenye kizingiti akavuta, ukasikika mlio kama muwa unavunjwa gotini. "Klipu tu hiyo," akasema.

Ikatoka. Miaka tisa nimekaa na gari hili, sijawahi kuliona utumbo. Bomba la chuma kutoka mlango hadi mlango, boksi la feni, na waya, waya, waya, kama sufuria ya tambi iliyopinduka. Kwenye sakafu nikaokota kalamu niliyomtuhumu nayo mtu ofisini, sarafu mbili, na kadi ya mchango wa harusi ya watu ambao wameshaachana.

Fundi akaingiza dashibodi mpya. Soketi zikaingia, tap, tap, tap, kila moja kwa mwenzake. Akanigeukia kifua mbele: "Umeona? Ni ile ile." Akarudisha betri, akafungua swichi.

Honi ikalia. Wala hakuna aliyeigusa. Ililia kama meli inayoingia bandarini, haipumui, kuku wakakimbia, mama ntilie akatoka na mwiko, na fundi anazunguka gari anapigapiga boneti kana kwamba amelala mtu mle. Mpaka betri ikachomolewa. Kukawa kimya, tukisikilizana masikio yanavyovuma.

"Soketi ni zile zile," fundi akasema taratibu, "ila pini zimehama. Hii sasa ni ya fundi umeme. Mimi ni injini."

Fundi umeme akaja na bodaboda saa nane, kijana, sikio moja lina spika ya simu, mkononi testa. Akachungulia, akacheka. "Nani kakufungia hii?" Na aliyefunga kasimama pale pale, anatazama juu mwembeni kama anahesabu maembe. Kijana akaonyesha kwa kidole mchoro mdogo wa springi kwenye kioo cha spidomita. "Hii ya dizeli, mzee."

Kwa hiyo ni tofauti?

"Hapana, siyo tofauti. Ni ile ile, ila."

Ila nini? Hakumalizia. Hiyo "ila" ilinigharimu elfu sitini.

Akaazima sindano kwa mama ntilie, akaanza kuchokoa pini kwenye soketi, moja moja, kama anayetoa funza. Akanishikia waya mbele ya macho. "Huu wa bluu wenye mstari mwekundu ulikuwa wa nini?" Ananiuliza mimi. Mimi mweka hazina. Akapiga simu: "Oya, 110, bluu mstari mwekundu?" Wa upande wa pili naye akauliza mtu. Muuza kahawa akasema wa bluu ni wa taa. Mpita njia mmoja akasimama akasema kwenye Noah yake wa bluu ulikuwa wa feni. Mwingine akasema yeye angeuunga na wa kijani aone. Ikawa kama kikao cha mahari, kila mtu ana neno na hakuna mwenye hela. Saa kumi na mbili kijana akasema naenda kula, nakuja sasa hivi.

Alikuja Jumatatu.

Gari halina uso, milango haifungi vizuri maana kuna waya zimening'inia nje. Ningeliachaje? Nikalala humo, mtu mzima mimi, nimekunja magoti, mbu wananitembelea kupitia tundu lilipokuwa redio. Saa nne usiku mwenyekiti wa kamati ya mazishi akapita anatoka kwenye mpira, akamulika kwa simu. "Mweka hazina! Shemeji kakufukuza?" Nikamwambia namsubiri fundi. Akaitikia "ahaa" ndefu, ile ya mtu aliyeshaanza kuipanga habari kichwani. Kufika asubuhi mtaa mzima unajua nimeachika.

Jumatatu ikaisha. Gari likawaka, honi ikanyamaza. Kopo la Blue Band likabaki na skrubu kumi na moja. Nikaliinua nikamwonyesha fundi, sikusema neno. "Aaa, hizo za ziada," akasema. "Wajapani wanaweka nyingi mno."

Tangu hapo, nikiwasha indiketa ya kushoto, ndani unakonyeza mshale wa kulia. Nimezoea. Redio inaishia 90, za Kijapani hizo, nusu ya vituo naviona kwenye mabango tu. Geji ya mafuta inasoma tangi limejaa. Siku tatu za kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu ninunue gari, siku ya nne nikasukumwa na wauza maji pale Buguruni. Upande wa abiria pameandikwa SRS, eabegi, lakini nyuma yake hakuna waya hata mmoja. Mama mkwe kayaona yale maandishi, sasa hataki kufunga mkanda, anasema yeye ana puto. Tunabishana mpaka tunafika.

Na tochi. Nilipigwa tochi, 58 kwenye 50, mimi naitazama spidomita inasema 40. Nikamwita trafiki achungulie mwenyewe. Akachungulia, akakubali ni 40, akaniandikia 30,000. Kumbe fundi alichomoa ule mshale afute vumbi ndani ya kioo, akaurudisha kwa kukadiria. Kwa kukadiria! Mtu anakadiria chumvi, anakadiria urefu wa suruali, sasa mwendo wa gari nao unakadiriwa?

Hapana, leo nimechoka. Nimekaa hapa chini ya mwembe juu ya tairi tangu saa mbili, kazini nimesema nina msiba, na kweli ninao. Nataka mtu mmoja. Mmoja tu, kutoka Gerezani mpaka Ubungo, anitazame usoni aseme, "Mzee, hii siyo ile." Hata asinitengenezee. Nitamlipa. Maana kila ninayempelekea spea, bomba, rimoti, hata miwani, "ni ile ile", na mimi kila siku narudi nyumbani na kitu ambacho ni ile ile, ila.

Kitu kimoja tu kilichokuja na dashibodi hii hakijanisumbua, na hicho ndicho kimeleta vita nyumbani. Kile kidroo cha mbele ya abiria, ambacho wengine ndicho tunachokiita dashibodi, kilikuwa na kifuko. Cha kitambaa, chekundu, kimedariziwa kwa uzi wa dhahabu, kimefungwa kikamba cheupe fundo la maringo, ukikibonyeza ndani kuna kitu kigumu kidogo. Mama watoto alikitoa kwa vidole viwili. "Hirizi."

Nikasema huenda ni ya kuzuia harufu. "Hirizi," akasema. "Gari halijakaa sawa tangu lini?" Hapo sikuwa na jibu. Mama mkwe akaja na chumvi ya mawe. Kijana wa jirani akakimulika kwa simu yake, ile programu ya kusoma lugha za watu, akatuambia Wajapani hununua hivi hekaluni na huwa hawavifungui, na hiki kimeandikwa "usalama barabarani".

"Ndivyo wanavyoandikaga," akasema mama mkwe, akamalizia chumvi.

Niliambiwa nikatupe baharini. Nilikirudisha kidroo kile kile. Ila kidroo hakishiki, klipu yake nayo imevunjika kama ule muwa, kwa hiyo kila tuta kinafunguka na hirizi inadondoka kwenye mapaja ya abiria. Leo imedondokea sare ya shule. Mtoto ameuliza hii nayo inasema nini, na kabla sijajibu

Subirini, fundi huyu anapiga. Anasema yuko njiani, ila nimtumie elfu tano ya bodaboda.